Asubuhi ya Ansima Ilianzia Mwisho

Ninyi walimu vijana mliokuja kunisalimu kule Bagira juzi, asanteni kwa sukari na sabuni. Mliniletea pia malalamiko, na hayo ndiyo yaliyonifanya nichukue kalamu. Mmoja wenu alisema ana mtoto darasani ambaye "anafanya makusudi": anasahau daftari, anaanza zoezi wakati wenzake wanakusanya, na akitumwa chaki anarudi na kinyonga. Nikamtazama usoni jinsi alivyochoka, nikacheka, naye akanuna. Naomba radhi. Nilicheka kwa sababu nimefundisha darasa la sita karibu maisha yangu yote, na mtoto huyo nilikuwa naye kila mwaka. Kuna mwaka nilidhani hawakuniletea, nikamshukuru Mungu. Mwezi wa pili akaingia mmoja, amevaa sweta ya dada yake nyuma mbele, akauliza kama hapa ni darasa la tano.

Kwanza niwaambie zamani tulifanyaje, msije mkadhani tulikuwa na hekima. Tulikuwa na fimbo. Mtoto amesahau daftari, fimbo. Kesho kaja na daftari, kalamu hakuna, fimbo. Keshokutwa vyote viwili alitoka navyo nyumbani, ila ameviacha kwa mama wa mandazi, fimbo. Marehemu Maître Bisimwa, aliyekuwa akifundisha chumba cha jirani, siku moja alisimama mlangoni kwangu akaangalia shughuli hiyo, kisha akaniambia taratibu:

"Véro, kama dawa njo hiyo, mbona mugonjwa anarudiaka kila siku?"

Nilimkasirikia wiki nzima. Yeye hakuwa na habari kwamba nimekasirika, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Baadaye fimbo ilikatazwa, zikaja semina. Semina moja nilihudhuria kwa hamu kabisa, kwa sababu ilihusu watoto hawa hawa. Mtoa mada alivaa viatu vizuri na alijua kazi yake. Alituambia watoto hawa si wajinga wala si wakaidi. Uangalifu wao unahamahama, na tena ile sehemu ya kichwa inayopanga mambo, nini kwanza, nini baadaye, muda gani umebaki, kwao inachelewa kukomaa. Akatoa mfano wa nyumba inayojengwa: mafundi wapo, saruji ipo, matofali yapo, ila kapita, yaani msimamizi, hajafika kazini. Ukumbi mzima tukaitikia, maana kila mmoja alikuwa ameshamwona mtoto wake mle ndani. Kisha akabonyeza, ukutani pakaandikwa kwa herufi kubwa "Nini cha kufanya", na umeme ukakatika.

Tulingoja. Tulikula sambusa, tukanywa Fanta, tukangoja tena. Umeme haukurudi, mtoa mada akawahi ndege yake, nasi tukarudi nyumbani na jina la ugonjwa bila dawa. Nilikaa muda mrefu nikiwa na hasira na kampuni ya umeme, kuliko hata siku walipoukata nyama ikaniozea.

Ndipo nikampata Ansima. Alikuwa binti mwembamba wa mtaa wa Nyalukemba, hapa Bukavu, macho makubwa, mwenye maswali. Hesabu alikuwa akizipiga kichwani kabla sijamaliza kuziandika ubaoni. Lakini ukimpa kazi yenye hatua nne, ya kwanza ataifanya kwa furaha, ya pili ataianza, na ya tatu utamkuta dirishani. Kipindi kimoja maji yalikauka shuleni, nikawaagiza watoto kila mmoja aje na kibidoni cha maji tuoshe darasa. Ansima alikuja amechelewa na kibidoni kitupu.

"Maji iko wapi?"

"Madame, nilipita ku maua ya jirani. Ilikuwa na kiu."

Semeni ninyi, mtoto wa namna hiyo utamwadhibu kwa kosa gani?

Direkteri wetu, mkuu wa shule, alikuwa na jibu. Yeye alikuwa mtu wa lango. Kengele ikilia alilifunga kwa mkono wake mwenyewe, na nadhani ndiyo ilikuwa raha yake kubwa ya siku. Ansima alikuwa akilikuta limefungwa mara nyingi kuliko wazi. Baada ya Pasaka aliniita ofisini kuhusu mtihani wa kumaliza la sita.

"Madame Véro, egzame ya serikali haifanyikaka hapa kwetu. Inafanyikaka ku shule ingine, na kule, mulango ikifungwa, imefungwa. Huyu mutoto atatupatisha haya. Akichelewa tena hata siku moja, jina yake minaitosha ku liste ya egzame. Atarudilia la tano."

Nilirudi darasani nikijiuliza. Mtoto anayejua kila kitu cha la sita, arudi la tano kukaa na wadogo zake, wenzake wote waende? Mama yake alikuwa ameshaniambia kwamba Ansima ameanza kusema yeye ni mtoto wa bure. Hilo neno liliniuma, kwa sababu nilijua limetoka wapi. Watu wazima ndio tuliomfundisha, somo pekee alilolishika bila kusahau.

Nikaanza na orodha, kama mtu yeyote. Niliandika vizuri: amka, oga, vaa, kula, beba mkoba. Akaipoteza. Nikaandika kwenye katoni, nikatoboa tundu, nikatia kamba aivae shingoni. Kesho yake akaja mbio, karibu na kengele, katoni kifuani, akasimama mbele yangu akanisomea yote kwa sauti nzuri, bila kuruka hata neno. Mkoba hakuwa nao. Alikuwa ameisoma njiani.

Kisha akaja baba yake. Papa Ansima alikuwa akifanya kazi katika shirika moja pale Ibanda, na kazi yake ilikuwa kupanga. Alipanga visima, alipanga barabara, alipanga chanjo za wilaya nzima. Kikao chetu kilikuwa Jumanne, yeye akaja Jumatano, akaomba radhi kwa adabu sana, akafungua karatasi kubwa yenye rangi nne.

"Madame, hapa kila kintu iko planifié. Angalia. Activité: kuamuka. Indicateur: mutoto amesimama. Activité: kupiga meno brosse. Indicateur: meno nyeupe. Risque: mvula."

"Na hapa, ku responsable, mwenye kusimamia yote, ni nani?"

"Njo yeye mwenyewe Ansima."

"Papa Ansima, kama angeweza kuwa responsable, mimi na weye tungekuwa tunaongea nini hapa?"

Alicheka, mtu wa watu yule, akasema nasema kweli. Akaaga, akatoka, akarudi kuchukua karatasi yake. Akatoka tena, akarudi kuuliza kama ameacha simu. Simu ilikuwa sikioni mwake, anaongea na mkewe, akimwambia hajui simu ameiweka wapi. Ansima alikuwa amekaa dawati la mbele akimwangalia kwa huruma.

"Papa iko vile," aliniambia.

Sikutilia maanani. Nilikuwa na mawazo ya Direkteri na lango lake.

Sasa sikilizeni vizuri, maana dawa yenyewe ilikuwa mikononi mwangu siku zote, na yenu pia mnayo. Mnajua fiche ya kutayarisha somo. Mnajua kule juu kabisa tunaandika nini: mwisho wa somo, mwanafunzi ataweza kufanya hivi na hivi. Mimi nimeandika sentensi hiyo maisha yangu yote kama mtu anayepiga ishara ya msalaba huku akitafuta ufunguo. Basi akaja inspekta. Alikaa nyuma, akasoma fiche zangu, akaniuliza mbele ya watoto:

"Madame, kutayarisha leçon, unaanzia wapi?"

"Mwishoni, Monsieur l'Inspecteur."

Jibu lilitoka lenyewe, la kumridhisha mkubwa. Akaandika kitu, akatabasamu. Lakini kule mbele mkono ukapanda.

"Madame, mutu anaweza kuanzia mwisho?"

"Kwa somo, ndiyo, Ansima."

"Mie mwisho ninaionaka. Katikati njo inanipoteaka."

Inspekta alicheka. Mimi sikucheka. Nilimaliza somo sijui vipi, na mapumziko yalipofika nikambakiza darasani.

"Funga macho. Umekaa ku banc yako, kengele imelia. Ku miguu kuko nini?"

"Viatu nyeusi."

"Na ndani ya viatu?"

"Soksi. Moja." Akafikiri. "Mbili."

"Mbele yako, ku meza?"

"Daftari na biki ya bleu."

"Bile bintu, daftari na biki, bilitoka wapi?"

"Mu mukoba."

"Na mukoba, wakati ulikuwa unatoka ku nyumba, ilikuwa wapi?"

Akakunja uso. "Chini ya kitanda. Pusi iko analala juu yake."

"Nani alimutosha pusi pale juu?"

Akafungua macho, akanitazama kama mtu aliyegundua mwizi. "Hakuna mutu, Madame. Kila siku hakuna mutu anamutosha."

Hivyo tukarudi nyuma hatua kwa hatua, kutoka dawatini hadi kitandani, na kila tulipokwama tulikuta kitu halisi kabisa: paka, maua ya jirani, soksi iliyovaliwa na kaka mdogo. Mkoba tukauhamishia kwenye kitasa cha mlango wa kutokea, viatu juu yake, ili mlango usifunguke bila kuvigusa. Muda nao ulikuwa taabu, kwa sababu kwa Ansima dakika kumi na saa nzima vilikuwa kitu kimoja. Saa ya ukutani haikumwambia chochote. Tukatafuta saa yenye sauti: muuza mkate anayepita akipiga kengele ya baiskeli. Akipita, uwe umekwisha kuvaa. Na mama yake nikamwomba aache kusema "haraka". Haraka haimwambii mtoto ashike nini. Aulize tu: ku miguu kuko nini?

Msifikiri mambo yalinyooka. Kesho yake mama alikuja amefura, shuka chini ya kwapa, akalitandaza juu ya meza yangu. Lilikuwa na alama za soli.

"Madame, mutoto amelala na viatu. Anasema weye njo ulimuambia aanzie mwisho."

Nilimwita Ansima, nikamweleza kwamba tunawaza kuanzia mwisho, lakini tunatenda kuanzia mwanzo. Alisema sasa ameelewa, na kwamba ilikuwa imemshangaza pia. Hili, vijana wangu, liandikeni pembeni: mtoto wa aina hii atafuata maelezo yako yote siku ile tu ambayo umeyakosea.

Wiki zikapita. Ansima akaanza kuwahi. Direkteri alisimama langoni kila asubuhi na uso wa mtu aliyenyang'anywa sahani. Halafu asubuhi moja muuza mkate akaugua. Kengele ya shule inalia, lango linafungwa, na Ansima anakuja akikimbia, akaingiza mguu mmoja kabla chuma hakijafika.

"Amechelewa," akasema Direkteri.

"Muguu iko ndani," nikasema.

"Kichwa iko inje."

"Direkteri, atatembea na kichwa?"

Tulibishana, mtu mzima na mtu mzima, juu ya mguu wa mtoto, na watoto wote wamejaa madirishani. Wakati tunabishana kengele ilikuwa bado inalia, kwa sababu mlinzi aliyekuwa akiipiga alisimama kusikiliza na mkono wake ukaendelea wenyewe. Direkteri alipogundua kwamba kengele haijanyamaza, basi mtoto hajachelewa, akaachia lango. Siku hiyohiyo mimi na Ansima tukaongeza sauti ya pili: jirani wa juu anayewasha jenereta yake kabla ya kwenda kazini. Msitegemee kengele moja. Muuza mkate naye ni binadamu.

Siku ya mtihani mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mnajua Bukavu ikinyesha: vilima vyote vinateremka kutusalimu. Nilisimama kwenye lango la shule ya mtihani, matope mpaka vifundoni, nikihesabu watoto wangu wanaingia. Wote walifika, isipokuwa yeye. Baba yake alikuwa amesema, jana yake mchana, asiwe na wasiwasi mtu yeyote, atamleta yeye mwenyewe na gari. Hapo ndipo ningepaswa kuwa na wasiwasi.

Direkteri alitazama saa yake. Kisha akanitazama mimi. Akaificha saa chini ya mkono wa koti, na ninamheshimu kwa hilo.  Niliwaza lile la tano, niliwaza lile neno "bure", nikaanza kusali kwa Kimashi, lugha ya kwetu, kitu ambacho sifanyi ila mambo yakiwa mabaya.

Ansima akatokea kwenye kona kwa miguu, kitenge cha mama yake kichwani, kandambili miguuni, ameloa matope hadi magotini, na mkononi ana mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Hakukimbia. Alikuja mpaka langoni, akanawa miguu kwenye bomba la mvua, akafungua mfuko. Soksi, mbili. Viatu vyeusi, vikavu, vinang'aa. Akavaa. Kandambili akazitia kwenye mfuko. Akatoa kadi yake, akatoa biki mbili.

"Mbona ulibeba viatu mu mukono?" nikamuuliza.

"Madame, kule ndani viatu iko safi. Niliiona na macho imefungwa. Sasa kama ninatembea nayo mu matope, haitafika safi."

Hakuna aliyemfundisha hilo. Direkteri alimwangalia kutoka juu hadi chini, akasogea pembeni ili apite. Nilifurahi hata nikasahau kumtakia heri. Mlango ukafungwa, na yeye yuko ndani.

Muda mfupi baadaye pikipiki ilisimama, akashuka Papa Ansima, maji yanamchuruzika, faili la ofisini kwapani.

"Madame, Ansima iko wapi? Nilikuwa natafuta clé, ufunguo ya gari, kuinuka, mutoto haiko."

"Yuko ndani anaandika."

Mkewe alimpigia simu wakati huohuo na kumweleza. Muuza mkate alipita, jenereta ya jirani ikawaka, na Ansima akamwambia mama yake: Papa iko anatafuta clé, mie ninaenda. Papa Ansima alisikiliza, akakata simu, akakaa kando yangu kwenye ukuta mdogo ulioloa, na suruali yake nzuri.

Kabla hamjauliza: alifaulu. Si kwa alama za kutangazwa redioni, lakini alifaulu, na leo yuko sekondari. Ila mimi siku ile ninaikumbuka kwa ajili ya baba yake. Alisema bila kunitazama:

"Madame, mie nilikuwaka hivi. Papa yangu alinipigaka mpaka akachoka. Nilisoma na nguvu, na haya. Leo watu wananiita chef wa kupanga, na ku nyumba Mama Ansima njo anajua viatu yangu iko wapi. Njo yeye kapita yangu." Akajifuta uso kwa mkono, na sikuweza kujua kama ni mvua. "Ile kintu ya kuanzia mwisho. Unaweza nifundisha?"

"Funga macho," nikasema.

Akafunga, mtu mzima na ndevu zake.

"Ni saa sita. Ansima anatoka pale ku mulango, anakutafuta. Weye uko wapi?"

"Hapa. Minamungojea."

"Ku mukono kuko nini?"

"Fanta yake."

"Ku miguu?"

Hapo akakwama. Akafungua macho, akatazama chini, nami nikatazama. Alikuwa amevaa kiatu cheusi kulia na cha kahawia kushoto, vyote viwili na matope. Tulicheka mpaka mlinzi wa lango akaja kutunyamazisha kwa sababu ya mtihani.

Saa sita watoto walitoka. Ansima aliichukua Fanta yake, akanywa nusu, kisha akaviona viatu vya baba yake. Hakucheka. Alifungua ule mfuko wa plastiki, akatoa kandambili zake, akaziweka chini mbele ya baba zikiwa sawasawa, ya kulia kulia, ya kushoto kushoto. Zilikuwa ndogo mno. Papa Ansima alivua viatu vyake, akazivaa hivyohivyo, visigino vikiburuta chini, na nikawaangalia wakiteremka mtaa wameshikana mikono, baba akiuliza njia ya kupita na mtoto akimwonyesha.